Ndizi za Ndege wa Barafu

Wewe unayenisikiliza, sogeza kiti kidogo, maana habari hii inasimama juu ya maneno mawili ya Kifaransa, na nisipokueleza hayo kwanza utacheka mahali pasipo pa kucheka.

Neno la kwanza ni régime. Kwa wenye Kifaransa chao lina kazi tatu: ni utawala wa nchi, ni chakula ambacho kiumbe fulani hula siku zote, na ni mkungu mzima wa ndizi. Sisi wa Bukavu, katika kazi hizo tatu, tuliijua vizuri ile ya ndizi. Mama akifika sokoni alisema, "Niuzie rejime moja," na hakuna aliyefikiri kwamba anataka kununua serikali. Neno la pili ni manchot. Hilo lina kazi mbili: ni mtu mwenye mkono mmoja, na ni yule ndege mnene wa nchi za barafu, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, anayetembea wima kama shemeji aliyechelewa kuingia kanisani. Wengine humwita pengwini.

Sasa yaunganishe. Le régime du manchot. Kitabuni maana yake ni chakula cha pengwini. Kule Kasha, pembeni mwa Bagira, maana yake ni mkungu wa ndizi wa mtu mwenye mkono mmoja.

Miaka ile ya Zaire nilifundisha biolojia katika sekondari moja ya wasichana mjini. Vitabu vyetu vilitoka Ulaya, na sura ya mwisho, ile ya nani anamla nani, ilikuwa yote ya bahari iliyo kusini kabisa mwa dunia. Hapakuwa na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu la Kivu, hata mmoja ndani yake. Palikuwa na barafu inayoelea, na manchot, na ndege wengine wa baharini, na sili, na nyangumi, na katikati ya wote palikuwa na kidudu kinachofanana na kamba mdogo, kisichozidi urefu wa kidole cha mwisho, ambacho jina lake ni krili. Wenzangu waliiona sura ile kuwa adhabu. Mimi niliipenda. Nilipenda kwamba ndege anaweza kuwa mbali na Bukavu kiasi kile na bado shida yake ya kila asubuhi ikawa kama yetu: leo tutakula nini, na nani atatuwahi?

Katika mwaka wa pili nilikuwa na msichana wa Kasha. Alikuwa anarudia darasa, na mwaka uliotangulia hatukuifikia sura ya mwisho. Nilipofundisha sura ile alikuwa nyumbani na malaria, na aliporudi, bado amekonda, mtihani ulikuwa mlangoni. Prefe, mkuu wa shule yetu, alikuja mwenyewe kuandika swali ubaoni: Le régime du manchot. Décrivez. Eleza. Msichana akainama akaandika kurasa mbili bila kuinua kichwa.

Siku chache baadaye Prefe aliniita ofisini. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, aliyefunga vifungo vya abakosti yake, lile koti la kiserikali la miaka ile, mpaka shingoni hata jua likiwa kali. Ndani ya uzio wa shule alisema Kifaransa peke yake. Kiswahili chake kilibaki getini pamoja na baiskeli za walimu.

"Soma, sitwayeni," alisema, yaani raia, kama serikali ilivyotuamuru kuitana.

Nikasoma. Nakugeuzia, na kumbuka kwamba papa kwetu ni baba, si samaki: "Manchot wa kwetu ni papa jirani. Anapokata rejime, anabana shina kwa magoti, anapiga panga mara moja. Halafu anaegemea ukuta, anaipandisha begani pole pole. Hataki kusaidiwa. Rejime nzuri ni ile ya kukata mapema. Rejime ikiachwa ikaiva sana, inaanguka yenyewe."

Niliuma mdomo. Prefe hakuwa anacheka.

"Kwanza, anamdhihaki kilema," alisema. "Pili, soma tena sentensi ya mwisho. Rejime ikiiva sana inaanguka yenyewe! Unajua karatasi hii ikifika mbele ya macho yasiyofaa, nani ataitwa kueleza? Yeye? Ni mimi! Na wewe!"

"Ni ndizi, Prefe."

"Najua ni ndizi! Lakini nani atakubali kwamba ni ndizi?"

Hapo nilimwelewa. Miaka ile mtu aliweza kupata taabu kwa neno dogo kuliko hilo. Nilimweleza taratibu kwamba msichana hakudhihaki mtu, kwamba alikuwa mgonjwa nilipofundisha maana ya maneno yale, na kwamba, ukiacha kosa la kuanzia, kazi yake ilikuwa nzuri: aliangalia, akaandika alichokiona. Prefe alitembea mpaka dirishani, akarudi.

"Bila alama za swali hili ameshindwa, na sheria unaijua. Anayeshindwa darasa moja mara mbili, anatoka shuleni. Nitampa mtihani wa kikao cha pili mwisho wa likizo, kwa mdomo, mbele yangu. Swali ni lile lile. Akijibu, anaingia mwaka wa tatu. Akishindwa, aende. Na asikariri! Nikisikia anakariri kama katekisimu, namkatiza."

Nyumbani kwao baba alikuwa amekwisha kuamua pia. Shule ikimtoa, ataenda Minova kwa shangazi yake, muuza maharagwe na mihogo, aliyekuwa akitafuta mtu wa kumsaidia sokoni. Shangazi huyo hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Nilipokutana naye mara ya kwanza alinishika mkono akacheka, akasema kwa Kiswahili chetu, ambacho "ndiye" na "ndiyo" zote ni "njo".

"Mwalimu, miye niko katikati. Mutoto akishindwa, miye njo napata. Akishinda, miye njo nabeba mizigo!"

Likizo ilipoanza, msichana alikuwa akija kwangu Kadutu, jikoni, kwa sababu ndipo palikuwa na meza. Siku ya kwanza nilimweleza maneno yale mawili kama nilivyokueleza wewe. Alijifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Basi miye niliandika juu ya papa jirani!"

"Na ulimwandika vizuri."

"Kumbe iko ndege?"

"Ni ndege."

"Ya mukono moja?"

"Hana mkono hata mmoja. Ana mabawa, lakini ni mafupi na magumu, hayawezi kumrusha. Wafaransa walipomwona wakasema, huyu kama amekatwa mikono. Lakini mwangalie ndani ya maji! Yale mabawa ni makasia. Anaruka kweli, ila anarukia chini."

Aliondoa mikono usoni. Kesho yake alirudi na salamu. "Nilimwambia papa jirani. Alicheka sana. Anauliza, huyo ndege, yeye rejime yake anaipandisha begani namna gani?"

Shida yetu ilikuwa moja. Alikuwa na kumbukumbu kali. Ukimpa ukurasa leo, kesho anaurudisha mzima, na nukta zake. Lakini ukibadilisha swali kidogo tu, ananyamaza. Nilimuuliza, "Manchot anakula nini?" Akajibu bila kusita: krili, samaki, ngisi. Nikamuuliza, "Na krili wakipungua, nani atalala njaa?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mjomba wake amevaa viatu gani.

Asubuhi moja nikamchukua tukashuka ziwani. Ilikuwa kiangazi, ukungu umelala juu ya Kivu, na wavuvi wa sambaza walikuwa wamerudi na taa zao zimezimwa, nyavu zimetandazwa kwenye mawe. Nilimuuliza, "Sambaza anakula nini?"

"Anakula maji," alisema.

Mvuvi mmoja akacheka mpaka akaacha kazi. "Dada, kama iko vile, nitaleta batoto bangu hapa na sahani!"

Nilimwambia achote maji kwa kiganja ayatazame kwenye jua. Hakuona kitu. Nikamwambia hivyo ndivyo ilivyo: ndani ya maji yale mna vidudu vidogo sana vinavyoelea, na vidudu hivyo vinakula vimea vidogo zaidi, na vimea vinakula mwanga wa jua. Sambaza anakula vidudu, na sisi tunamla sambaza. Wakati huo huo ndege mmoja wa ziwa, mweusi na mweupe, alisimama hewani akipiga mabawa mahali pamoja, kisha akajitupa majini kama jiwe, akatoka na kitu kinachong'aa mdomoni.

"Na yeye amevaa kama manchot," msichana alisema.

"Na kazi ni ile ile. Kule baharini, chini ya barafu, mnaota vimea vidogo kama utando juu ya sufuria isiyooshwa. Krili anakuja anakwangua. Na krili ni wengi, wanakwenda kwa makundi mpaka maji yanabadilika rangi. Sasa fikiria ni nani wote wanaomngoja."

Alifikiria njia nzima tukipanda. Lakini jibu halikuja ziwani. Lilikuja jikoni, siku kadhaa baadaye, nikiwa nasonga ugali. Juu ya meza, kwenye kamba iliyofungwa darini, nilikuwa nimetundika mkungu wa ndizi ziive. Msichana alikuwa ameukazia macho.

"Mwalimu," alisema polepole, "krili njo lile shina?"

Niliweka mwiko chini. "Endelea."

"Shina iko katikati. Kila chana inashikwa pale. Chana moja njo manchot. Chana ingine njo ndege ingine. Haziguse moja na ingine, lakini zote zinakula fasi moja, hapo hapo. Ukikata shina, zote zinaanguka."

Sijui kama umewahi kufundisha, lakini kama umewahi, unajua dakika ile. Nilivuta kiti, nikasahau ugali. Tukagawa mkungu wote. Chana la juu tuliwapa manchot wadogo wa pwani, ambao hula krili kwa wingi mpaka kinyesi chao kinakuwa cha rangi ya waridi.

"Choo yao iko rozi?"

"Rozi. Unaweza kuiona theluji imepakwa kutoka mbali, na ukajua hapo leo wamekula krili."

Hakuweza kuendelea kwa muda. Akifungua mdomo anasema "rozi" na kucheka tena. Chana la pili tuliwapa manchot wakubwa, wale wanaozama chini sana gizani kutafuta samaki na ngisi. Alitaka kujua ngisi ni nini. Nikamwambia ni mnyama laini wa baharini, hana mfupa, ana mikono kumi kuzunguka mdomo.

"Mikono kumi!" alisema. "Na analiwa na ile ya mukono moja!"

Chana la tatu likawa la petreli, ndege wepesi wanaopita juu ya mawimbi wakiokota krili bila kukaa. La nne lilikuwa la nyangumi, na alichagua ndizi moja kubwa kuliko zote iwe nyangumi mwenyewe. Hapo bwana wangu akaingia kutoka kazini, akasalimu, akanyofoa ndizi mbili, akaanza kumenya.

"Papa!" msichana alipiga kelele. "Unakula petreli!"

Bwana wangu alitazama ndizi, akanitazama mimi. "Ugali unaungua," alisema.

Kabla ya siku ya kikao nilimpa onyo moja tu. "Mbele ya Prefe, ndizi usizitaje. Zishike kichwani, zikusaidie, lakini mdomoni zisitoke. Ukisema ndizi, ataona ile karatasi." Aliitika. Alielewa.

Siku yenyewe ilipofika, shangazi alikuja mpaka getini na vikapu vyake viwili. Alikuwa amemaliza kuuza mjini, na mchana ule angerudi Minova, na mtu au bila mtu. Alikaa juu ya kikapu kimoja, akatufungulia nafasi ya kupita.

"Nenda, mutoto. Kikapu ya pili iko inakungoja, lakini haina haraka."

Darasani Prefe alikaa nyuma ya meza. Mimi nilikaa karibu na dirisha, bila ruhusa ya kusema. Msichana alisimama mbele ya ubao. Prefe akauliza swali lile lile, akisisitiza kila neno. Msichana akaanza kwa Kifaransa safi: manchot ni ndege wa baharini asiyeruka, chakula chake ni krili, samaki na ngisi, kadiri ya aina na majira. Nilisikia ukurasa ukifunguka. Prefe naye alisikia. Aligonga meza kwa kipande cha chaki.

"Ishia hapo. Krili akiondoka, kunatokea nini?"

Alinitazama. Nilitazama nje, nikaona getini kile kikapu kisicho na mtu juu yake. Kisha nikasikia chaki ubaoni.

Alikuwa amechora mstari mnene kutoka juu hadi chini. Kando ya mstari akachora mikunjo, huku na huku, kila mkunjo na vidole vyake. Hapakuwa na njia ya kudhani ni kitu kingine.

Prefe alisimama. "Ndizi? Tena ndizi?"

"Prefe, niruhusu nimalize," msichana alisema. Kifaransa chake sasa hakikuwa cha kitabu. Kilikuwa kinachechemea, kikiokota neno hapa na pale, lakini kilikuwa chake. Shina ni krili, alisema. Hili hapa ni la manchot mdogo, yeye yuko karibu sana na shina, krili wakipungua ndiye wa kwanza kulala njaa. Huyu hapa mkubwa, anakula samaki na ngisi, anaonekana hana shida. Lakini samaki na ngisi nao wanakula krili, kwa hiyo njaa itamfikia, itachelewa tu. Petreli, nyangumi, vivyo hivyo. Na shina lenyewe limeshikwa na mgomba. Mgomba ni vimea vya chini ya barafu. Barafu ikikosekana, hata shina halina pa kushika.

Prefe alikuwa bado amesimama. Alikuja mpaka ubaoni, akaweka kidole juu ya chana moja.

"Kuna ndege mwingine pale, skua. Anakula mayai ya manchot, anakula na vifaranga vyake. Katika mkungu wa ndizi, umewahi kuona chana moja likila chana jingine?"

Nilifumba macho. Hilo hatukulisema jikoni.

Msichana alitazama mchoro wake. "Hapana, Prefe," alisema. "Hapo rejime inanishinda." Akachukua kifutio, halafu akakirudisha bila kufuta kitu. Aliongeza chana la skua na la samaki, akaanza kuvuta mistari kutoka chana hadi chana: kutoka manchot hadi skua, kutoka samaki hadi manchot, kutoka petreli hadi skua tena, mpaka mkungu ukafunikwa. "Hapa inakuwa wavu. Kama wavu wa sambaza. Ukivuta fundo moja upande huu, upande ule unasikia."

Neno la kitabuni lilikuwa hilo hilo, wavu wa chakula. Alikuwa amelikariri wiki nyingi, na sasa alilifikia kwa miguu yake mwenyewe.

"Na ngisi?" Prefe aliuliza, taratibu zaidi. "Ngisi yuko wapi katika wavu wako?"

"Hapa, Prefe. Ana mikono kumi. Na analiwa na mwenye mkono mmoja."

Prefe alitazama ubao. Midomo yake ilianza kucheza. Alifungua kifungo cha juu cha abakosti, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na kicheko kikamtoka chote mara moja.

"Kumbe!" alisema. "Mwenye mikono kumi analiwa na mwenye mukono moja! Kumbe njo vile!"

Msichana alinigeukia, macho yamemtoka. Hakuelewa kicheko cha Prefe peke yake. Alielewa zaidi ya hapo, kwa sababu Prefe alikuwa amesema Kiswahili ndani ya darasa, na kila mwanafunzi wa shule ile alijua mtu yule hawezi kukasirika kwa Kiswahili.

Alipojifuta machozi alirudi kwenye Kifaransa chake na kifungo chake. Alisema mwaka wa tatu unaanza Jumatatu, afike mapema. Kisha, msichana akiwa mlangoni, alimwita.

"Na ile sentensi yako ya mwisho? Ile ya rejime iliyoiva?"

"Prefe, ile ilikuwa ndizi tu."

"Ilikuwa ndizi tu," alikubali. "Na karatasi yenyewe niliichoma zamani."

Getini shangazi hakuhitaji kuambiwa. Aliona namna mtoto anavyokimbia. Alisimama, akajipangusa sketi, akaviangalia vikapu vyake viwili.

"Ah! Nilijua. Nitabeba mwenyewe."

"Leo nakusindikiza mpaka kwenye gari, tante."

"Leo tu? Basi beba ile nzito. Na unieleze njiani, hao ndege baliniibia wewe namna gani!"

Waliteremka pamoja, kikapu kichwani kwa kila mmoja, na nilisikia neno "rozi" na kicheko cha shangazi mpaka walipopotea kwenye kona.

Mwaka uliofuata Prefe aliomba afundishe sura ile yeye mwenyewe, na aliingia darasani na mkungu wa ndizi begani, abakosti imefungwa mpaka juu. Mpaka mwisho wa juma walimu wote tulikuwa tumekula bahari ya kusini yote, nyangumi pamoja na petreli.

Nawe, kama una mtoto anayekariri bila kuelewa, nunua mkungu wa ndizi ambazo hazijaiva sana, uutundike mahali anapoweza kuufikia. Mwache alipe kila chana jina la ndege na aseme anakula nini. Halafu mpe uzi, afunge kutoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayekula, mpaka kusibaki chana lililo peke yake. Mwisho tandika gunia chini, muite asogee aone, na ukate shina.